Kupimisha kuku wa nyumbani na kupata cheti cha afya: mwongozo kwa wafugaji wa Tanga

Pongwe, Mikanjuni, Mwakidila na vijiji vya Muheza na Mkinga vina wafugaji wengi ambao hawafugi tena kuku kwa ajili ya kitoweo cha wageni peke yake. Wapo wenye mashine ya kutotolesha, wapo wanaouza mayai ya kutotolesha kwa trei, na wapo wanaouza vifaranga vya siku moja kwa majirani na kwa wateja wanaotoka Korogwe na Pangani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao kwanza, kwa sababu anayeuza kifaranga anauza pamoja naye kila kimelea alichorithi kutoka kwa mama yake, na mnunuzi hana njia ya kukiona kimelea hicho sokoni. Njia iliyopo ni kuwapima kuku wazazi kabla mayai yao hayajaingia kwenye mashine.

Ni vizuri kuelewa mapema kile ambacho cheti kinasema. Hakuna daktari wa mifugo atakayeandika kwamba kuku wako hawana ugonjwa wowote. Atakachoandika ni kwamba kuku wa mfugaji fulani, wenye namba hizi, waliotolewa sampuli tarehe fulani, hawakukutwa na ugonjwa uliotajwa kwa kipimo kilichotajwa. Tarehe, namba za kuku, jina la ugonjwa na aina ya kipimo ndivyo vinavyokipa cheti uzito. Karatasi inayosema tu kuwa "kuku ni wazima" haimsaidii mnunuzi, na haimlindi mfugaji siku atakapolalamikiwa.

Hatua ya kwanza: amua unapima magonjwa gani

Kwa mfugaji anayetotolesha, magonjwa ya kuanza nayo ni yale yanayopita ndani ya yai. Mawili husababishwa na bakteria wa jamii ya salmonela: homa ya matumbo ya kuku, ambayo wengi huiita taifodi, na kuhara kweupe kwa vifaranga, ambako kitaalamu huitwa pulorumu. Kuku mkubwa aliyewahi kuugua na kupona anaweza kubaki na bakteria hao katika kokwa za mayai, akaendelea kutaga na kula vizuri kama kawaida, huku sehemu ya mayai yake ikitoa vifaranga wagonjwa. Vifaranga hao hukusanyika karibu na taa wakiwa wamekunja mabawa, kinyesi cheupe kinaganda nyuma, na wengi hufa katika wiki mbili au tatu za mwanzo. Mnunuzi hudhani kosa ni la joto au chakula, kumbe tatizo lilianzia kwa mama. Ugonjwa wa tatu ni maikoplazma, unaoleta mafua sugu, kukoroma usiku na kupungua kwa mayai, nao pia hupita kwenye yai.

Marekani iliona hasara hiyo hiyo mapema, na mwaka 1935 ikaanza mpango wa kitaifa wa kupima kuku wazazi ili kuondoa pulorumu. Mpango huo unaendelea hadi leo, na wafugaji wadogo wa nyumbani hushiriki kwa hiari pamoja na makampuni makubwa. Utaratibu wake wa msingi hauhitaji mitambo mikubwa, na hakuna kinachomzuia mfugaji wa Tanga kuufuata kwa vipimo vinavyopatikana nchini.

Kideri, au mdondo, kina hesabu yake. Damu ya kuku aliyechanjwa kideri itaonyesha kingamwili, yaani askari ambao mwili hutengeneza dhidi ya ugonjwa, na damu ya kuku aliyeugua akapona itaonyesha kingamwili vilevile, na kipimo cha kawaida cha damu hakitofautishi hao wawili. Kwa hiyo, kwa kuku waliochanjwa, kipimo cha damu cha kideri hutumika kuona kama chanjo imeshika. Anayehitaji kuthibitisha kwamba virusi havipo atachukuliwa kuku wake sampuli za koo na za njia ya haja, si damu. Hali ni hiyo hiyo kwa mafua makali ya ndege, ambayo hupimwa zaidi pale kuku wanaposafirishwa au panapokuwa na vifo vya ghafla. Mwenye kuku ishirini wa kienyeji anaototolesha mwenyewe asijitwike gharama ya vipimo vyote kwa mara moja. Salmonela na maikoplazma vinatosha kuanzia.

Hatua ya pili: mwone afisa mifugo wa kata

Ofisi ya kuanzia ni ya afisa mifugo wa kata yako, hata kama unajua njia ya kwenda maabara mwenyewe. Yeye ndiye anayekutambua kama mfugaji wa eneo lake, na maelezo yake ndiyo yatakayomwezesha daktari wa mifugo wa halmashauri kusaini cheti baadaye. Sampuli uliyoipeleka peke yako inaweza kupimwa na ukapewa majibu, lakini daktari ambaye hajui kuku hao walitolewaje damu, na nani, ana haki ya kukataa kuyaweka majibu hayo kwenye cheti.

Mweleze lengo lako waziwazi: kuuza mayai ya kutotolesha, kuuza vifaranga, kusafirisha kuku wazima, au kujua tu hali ya banda. Lengo ndilo linaloamua vipimo. Mwombe awasiliane na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, unaofahamika kwa kifupi chake TVLA, ambao una kituo hapa Tanga na maabara kuu Temeke, Dar es Salaam. Kabla ya siku ya sampuli, kituo kiulizwe ni vipimo gani vinafanyika hapa na ni vipi vitapelekwa Temeke, sampuli zipokelewe siku gani za wiki, na ada ya kila sampuli ni kiasi gani. Malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayolipiwa benki au kwa simu, na stakabadhi yake uitunze pamoja na majibu. Asiyekupa namba hiyo, usimpe fedha mkononi.

Hatua ya tatu: lifunge kundi na uwape kuku namba

Hapa ndipo wengi hupaharakisha, na ndipo kazi yote inapoharibikia. Kipimo cha leo hakina maana kama kesho utaingiza jogoo uliyemnunua soko la Mgandini. Kwa siku 30 kabla ya sampuli, pasiingie kuku, bata, kanga wala njiwa mwingine katika boma lako, na kuku wako wasichanganyike na wa jirani. Muda huo hautokani na mazoea tu: kwa viwango vya kimataifa, kideri huhesabiwa kuwa kinaweza kukaa mwilini hadi siku 21 kabla ya dalili kuonekana, na kuku aliyeambukizwa salmonela jana hatakuwa na kingamwili za kutosha kuonekana kwenye kipimo cha leo.

Najua kwamba kufungia kuku wa kienyeji mwezi mzima ni mzigo, hasa kwa kaya inayotegemea kuku wajitafutie chakula. Uzio wa wavu au wa makuti kuzunguka sehemu ya uwanja unatosha, ilimradi jirani asiweze kuingiza kuku wake na wako wasiweze kutoka. Pumba, mashudu ya nazi, dagaa waliosagwa na majani mabichi vitapunguza bei ya chakula. Ikishindikana kabisa kufunga wote, tenga wale tu wanaotagia mayai ya kutotolesha, uwape banda lao, na upimishe hao. Cheti kitakachowahusu kuku kumi waliotengwa kweli kina thamani kuliko cheti cha kuku hamsini wanaozurura hadi barabarani.

Kila kuku avalishwe pete ya mguu yenye namba. Pete za plastiki huuzwa kwenye maduka ya pembejeo za mifugo, na asiyezipata anaweza kutumia vipande vya rangi tofauti vya waya laini wenye plastiki, akiviacha vilegee kiasi cha kupitisha ncha ya kalamu kati ya pete na ngozi. Katika daftari andika namba, jinsi, umri wa kukisia, asili ya kuku, kama ni kuchi, chotara au kienyeji cha kawaida, na mahali alikotoka. Andika pia chanjo zote na tarehe zake. Chanjo ya kideri ya tone la jicho hurudiwa kila baada ya miezi 3, na daktari atataka kuona kwamba ratiba hiyo imefuatwa. Kuku waliochanjwa homa ya matumbo lazima watajwe kabla ya kupimwa, kwa kuwa chanjo hiyo inaweza kuwafanya waonekane kama wagonjwa kwenye kipimo cha damu.

Jambo jingine la kuandika bila kuficha ni dawa. Antibayotiki zinazotiwa kwenye maji ya kunywa kila kifaranga anapokohoa zinaweza kuficha bakteria ambao maabara inawatafuta. Ziache ziishe mwilini kwa wiki mbili hadi tatu kabla ya sampuli, na kama kuku wanaumwa kiasi cha kuhitaji dawa, basi huo si wakati wa kutafuta cheti. Mwite daktari atibu kwanza.

Hatua ya nne: idadi ya kuku wa kupimwa

Kwa kundi dogo la kutotolesha, pima wote waliofikisha wiki 16. Chini ya umri huo kipimo cha haraka cha damu hakiaminiki vizuri. Sababu ya kupima wote ni ya kihesabu. Katika kundi la kuku 50 ambamo 5 wana maambukizi, ukichagua kuku 22 bila upendeleo una uhakika wa asilimia 95 wa kumpata angalau mgonjwa mmoja. Lakini ikiwa mgonjwa ni mmoja tu kati ya hao 50, kuku 22 watakupa nafasi isiyofika hata nusu ya kumwona, na koo mmoja, yaani kuku mama mtagaji, anatosha kuchafua mashine nzima ya kutotolesha. Kwa kuangalia kama chanjo ya kideri imeshika, hapo sampuli za kuku ishirini hivi zinatosha.

Bata na bata mzinga wapimwe kwa maelekezo ya maabara, kwa kuwa kipimo cha haraka cha salmonela kilitengenezwa kwa kuku na mara nyingi hutoa majibu ya uongo kwa ndege hao.

Hatua ya tano: siku ya kutoa damu

Kazi ya kutoa damu ni ya daktari au mtaalamu wa mifugo aliyesajiliwa. Kazi yako ni kuwakamata kuku, kuwashika, na kusoma namba za pete kwa sauti ili ziandikwe sawasawa kwenye mirija. Panga kazi ianze alfajiri, kuku wakiwa bado ndani. Kwa joto la pwani, kuku anayefukuzwa saa tano asubuhi huhema na kuhangaika, na damu yake hutoka kwa shida.

Mlaze kuku ubavu, mkono mmoja ukishika miguu yote miwili na mwingine ukifungua bawa la juu. Mtaalamu atang'oa manyoya machache upande wa ndani wa bawa, karibu na kiungo cha kiwiko, na kupapaka spiriti. Mshipa utaonekana hapo hapo chini ya ngozi, wa rangi ya buluu, ukipita juu ya mfupa. Kwa kuku mkubwa, mililita 1 hadi 2 zinatosha na hazimdhuru. Sindano ikishatoka, bonyeza pamba mahali hapo hadi damu ikatike, kwa sababu mshipa wa bawa huvuja kwa urahisi na kuacha uvimbe mweusi. Kila kuku atumiwe sindano yake. Sindano moja ikitumiwa kwa kundi zima inaweza kueneza ugonjwa ule ule unaotafutwa.

Mtaalamu mwenye antijeni ya salmonela, yaani maji ya kupimia yenye bakteria waliouawa, anaweza kufanya kipimo cha haraka hapo hapo uani. Juu ya kigae cheupe huweka tone la antijeni yenye rangi ya zambarau na tone la damu ya kuku, akayachanganya na kukitikisa kigae taratibu. Ndani ya dakika mbili, damu ya kuku asiye na maambukizi hubaki laini na ya rangi moja. Damu ya kuku mwenye kingamwili hukatika ikawa vijipande vya zambarau, na katikati yake hubaki majimaji yanayoanza kung'aa. Omba uoneshwe pia seramu (majimaji yanayojitenga damu ikiganda) mbili za kulinganishia, moja inayojulikana kuwa na ugonjwa na nyingine isiyo nao, zikipimwa kwa antijeni ile ile kabla ya kuku wako. Bila hizo hakuna ajuaye kama antijeni bado ni nzima. Upepo wa bahari na jua hukausha tone upesi, na tone lililokauka kando linaweza kudhaniwa limeganda, kwa hiyo kazi hii ifanyike kivulini.

Hatua ya sita: kufikisha sampuli maabara

Mirija ya seramu haiwi na dawa ya kuzuia damu kuganda. Ilazwe kwa mshazari kivulini hadi damu igande na majimaji ya rangi ya majani makavu yajitenge, ndipo iingie kwenye kisanduku chenye barafu. Barafu isigusane na mirija, maana damu ikigandishwa kwa baridi chembe zake hupasuka na seramu hugeuka nyekundu, na sampuli ya namna hiyo hukataliwa. Kwa maikoplazma, hata seramu iliyokwisha kutenganishwa haifai kugandishwa kwa baridi, kwa kuwa huleta majibu ya uongo. Kutoka Muheza hadi mjini ni kilomita kama 35, na sampuli za asubuhi zinaweza kufika siku hiyo hiyo. Anayetoka Lushoto au Kilindi apange siku ambayo hatafika ofisi zikiwa zimefungwa, na Ijumaa mchana si siku ya kutuma sampuli.

Fomu inayoambatana na sampuli ijazwe kikamilifu: jina la mfugaji, kijiji na kata, idadi ya kuku wote, idadi ya waliotolewa sampuli, umri, chanjo, dawa, vifo vya miezi ya karibuni, na magonjwa yanayoombwa kupimwa.

Hatua ya saba: kuyasoma majibu

Majibu ya salmonela na maikoplazma huja kama "hakuna" au "ipo" kwa kila namba. Kuku aliyeonekana kuwa nayo kwenye kipimo cha haraka bado hajahukumiwa. Kuna salmonela nyingine, ikiwemo ile inayowasumbua binadamu kupitia mayai, ambazo hugandisha antijeni hiyo hiyo, na hata bakteria wa kawaida huweza kufanya hivyo mara chache. Kwa hiyo mtenge kuku huyo siku hiyo hiyo, mayai yake yasiingie kwenye mashine, na uombe maabara irudie kwa kipimo cha mirija au, kilicho bora zaidi, imchinje na kuotesha bakteria kutoka kwenye ini, bandama na kokwa za mayai. Kumpoteza kuku mmoja kwa njia hiyo hukupa jibu la uhakika kuhusu kundi lote.

Majibu ya kideri huja kwa uwiano, unaoonyesha seramu imezimuliwa mara ngapi huku kingamwili zake zikiendelea kuonekana. Kiwango cha 1:8 au zaidi huchukuliwa kuwa kinga ya kutosha. Ukiona wengi wapo chini yake ilhali ulichanja mwezi uliopita, chunguza chanjo yenyewe: ilinunuliwa wapi, ilikaa juani kwa muda gani, na je, tone liliingia jichoni au lilidondokea manyoya.

Ugonjwa ukithibitika, wenye maambukizi waondolewe kwenye kundi. Usiwauze sokoni, wala usimpe ndugu. Mayai yaliyomo kwenye mashine yasitotoleshwe, mashine ioshwe kwa sabuni kisha ipulizwe dawa, matandiko yachomwe au yafukiwe, na sakafu ipakwe chokaa. Kundi lililobaki lipimwe tena kila baada ya wiki 3 hadi 4, hadi lipite mara mbili mfululizo bila kuku hata mmoja kuonekana na ugonjwa. Kwa mfugaji mdogo hasara ya kuwaondoa koo wanne au watano inauma, na sitaipunguza kwa maneno. Lakini kuwatibu kwa dawa kisha kuendelea kutotolesha mayai yao ni kuwahamishia hasara hiyo wateja, kwa kuwa dawa hupunguza dalili bila kuondoa bakteria wote kwenye mwili wa koo. Ikiwa ugonjwa ulioonekana ni kideri au mafua makali ya ndege, taarifa kwa daktari wa mifugo wa halmashauri ni ya lazima kisheria, chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, na hakuna kuku atakayetoka hadi aruhusu.

Hatua ya nane: cheti, kibali na mipaka

Majibu ya maabara si cheti. Yapeleke kwa daktari wa mifugo wa halmashauri pamoja na daftari lako, naye atakuja kukagua banda au kumtuma afisa wa kata, kisha ataandika cheti cha afya kwa kuku waliopimwa. Hakikisha namba za pete zimeandikwa au zimeambatanishwa. Kusafirisha kuku nje ya wilaya kunahitaji kibali cha kusafirisha mifugo, ambacho ni hati nyingine, hutolewa kwa safari moja, na dereva lazima awe nacho njiani.

Anayetaka kupeleka kuku au vifaranga Pemba au Unguja kwa chombo kutoka Tanga atafute kwanza kibali cha upande unaopokea, kwa kuwa Zanzibar ina mamlaka yake ya mifugo na masharti yake ndiyo yanayoamua vipimo vya kufanya. Kwa wale wa Mkinga walio jirani na Horohoro, ni vizuri kukumbuka kwamba Tanzania ilizuia kuingiza kuku kutoka nje mwaka 2006 kwa sababu ya mafua makali ya ndege, na kwamba mwaka 2017 vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya viliteketezwa Namanga. Kifaranga kimoja kilichopitishwa kwa njia ya panya kinatosha kufuta thamani ya cheti chako.

Baada ya cheti

Kuku mpya akae peke yake siku 30, mbali na wengine, akihudumiwa mwisho baada ya wengine, na apimwe kabla ya kuchanganywa. Mlangoni pa banda weka beseni la dawa ya kukanyagia, na dawa ibadilishwe kila inapochafuka, kwani matope huimaliza nguvu. Trei za mayai za kukodi au kubadilishana zisiingie bandani. Kuku akifa bila sababu inayojulikana, asitupwe: mfunge katika mifuko miwili, mweke kwenye barafu bila kumgandisha, na umpeleke maabara siku hiyo hiyo. Kundi lote la wazazi lipimwe upya kila mwaka, na matembe, yaani kuku majike wachanga, wanaochukua nafasi ya koo wazee wapimwe wakifikisha wiki 16, kabla yai lao la kwanza halijawekwa kwenye mashine.